Mbuzi Kwenye Gunia la Kaboni

Hapa Kikopey hakuna mtu anayenunua nyama kwa picha. Nimekulia nyuma ya bucha ya mamangu, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, na kwa miaka yote ambayo nimekatia watu mbavu sijawahi kupata mteja aliyetuma hela kabla ya kuiona nyama. Hata yule mheshimiwa wa gari kubwa, mwenye haraka ya kufika Nakuru kabla mkutano uanze, hushuka, akasogea hadi kwenye ndoano, akauliza mbuzi amechinjwa lini, kisha akanyoosha kidole: hapo kwa paja, na usiniwekee shingo. Halafu anasimama karibu na mizani mpaka itulie. Yote hayo ni kwa nyama ya elfu mbili hivi. Hakuna anayemwona mshamba. Sisi wenye bucha ndio tungemshangaa kama hangeangalia.

Sasa wateja haohao, wengine wakiwa wamevalia zile nguo za kubana za waendesha baiskeli, ubao wa choma ukiwa mbele yao, ndio wananiambia nitume shilingi 165,000 kwa mtu nisiyemjua, ninunue baiskeli ya kaboni ambayo sijawahi hata kuigusa. "Lipa bana. Hiyo itaenda."

Wacha iende. Na nataka niwaeleze kwa nini, kwa sababu najua siko peke yangu. Kuna kijana yuko Njoro, mwingine Eldoret, mwingine Thika, ameweka akiba miaka miwili, simu iko mkononi, kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma pesa. Huyo ndiye naongea naye.

Baiskeli yenyewe iko Nairobi. Ni ya mitumba, imetoka Uingereza, saizi 54, rimu ndefu za kaboni, picha tisa zilizopigwa jioni, saa ile jua hufanya kila kitu king'ae. Muuzaji anataka nusu ya pesa ndiyo "anishikie", na nusu nyingine akishaipakia kwenye matatu ya Nakuru. Nilipomwomba nije niiendeshe kwanza, akaniambia yeye hapeani baiskeli ijaribiwe. Wengi wanaulizia, akasema, na nikichelewa nisije kulia.

Nikaweka hiyo habari mbele ya wasee ninaoendesha nao Jumapili. Wote wakanipa ushauri mmoja: nunua. Mmoja akasema saizi 54 ni 54, hesabu ni hesabu. Mwingine akasema siku hizi dunia nzima inanunua hivyo. Wa tatu akamaliza kesi: "Utaizoea tu."

Sikubali. Baiskeli ya kaboni iliyotumika, kama hujaipanda, usiinunue, si kwa bei hiyo wala kwa nusu yake. Wazee wetu walikuwa na jina la biashara ya namna hii, mbuzi kwenye gunia, na sisi wa Kikopey tunapaswa kuwa watu wa mwisho Kenya nzima kuuziwa mbuzi wa aina hiyo.

Hamu yenyewe naielewa, na siwezi kumlaumu mtu kwa kuwa nayo. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika, na tukatazama mabingwa wakipanda vilima vinavyofanana na vyetu. Baada ya hapo, ukirudi kwenye chuma chako cha zamani, unakisikia mzito ghafla. Sawa. Lakini hamu ndiyo muuzaji anayoipima, si urefu wa miguu yako.

Tuanze na kitu chenyewe. Wengi wetu tulijifunzia Black Mamba, ile ya kilo 20 na ushee, ya kubebea maziwa na magunia. Chuma kina adabu yake. Kikigongwa, kinapinda, na ukikiangalia unaona kimepinda. Fundi wa Gilgil anakinyoosha au anakichomelea, na wiki ijayo unabeba tena. Kaboni ni kitu kingine. Ni nyuzi nyembamba zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa gundi ngumu. Upande ule ambao mhandisi alizilaza zibebe mzigo, zina nguvu ajabu. Ndiyo maana UCI, shirikisho la dunia la mchezo huu, lina sheria tangu 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isiwe chini ya kilo 6.8; bila sheria hiyo watengenezaji wangeshuka zaidi.

Lakini kaboni ikigongwa ubavuni, mahali ambapo haikutarajia, tabaka za ndani zinaweza kuachana huku rangi ya nje ikibaki safi kama sahani ya sherehe. Mwenye baiskeli aliiangusha kwenye ukingo wa saruji huko Uingereza, au aliibana kupita kiasi kwenye kifaa cha kubebea nyuma ya gari, akaipangusa, akaiuza. Ufa unaweza kukaa kimya miezi. Na siku kaboni inapoachia, mara nyingi haikupi ile nafasi ambayo chuma hukupa kwa kupinda kwanza. Kuna wataalamu wanaotengeneza kaboni iliyopasuka, ni kweli, lakini si fundi wa pale stendi mwenye koleo na mtungi wa gesi.

Sasa niambie, katika zile picha tisa, ni ipi inayoonyesha ndani ya bomba? Ni ipi inayotoa sauti? Ukiwa na baiskeli mkononi unaichomoa nguzo ya kiti, unamulika tochi ndani. Unapangusa sehemu ambazo bomba hukutana, unaangalia kila mstari, unabandua stika ambayo haieleweki iko hapo kwa nini. Unagonga fremu polepole kwa sarafu ya shilingi kumi, unasikiliza: pale inapolia vizuri halafu ghafla sauti inakufa, unasimama na kuuliza. Sauti peke yake si ushahidi kamili, kwa sababu hata kaboni nzima ina sehemu nene na nyembamba, lakini ni swali, na swali moja kabla ya kulipa lina thamani kuliko majibu kumi baada ya kulipa.

Kisha unaipanda. Unasimama juu ya pedali kwenye mlima mfupi na kusikiliza kama kuna kitu kinalia chini, kwenye beringi. Unafunga breki ya mbele ukitikisa usukani, uone kama foki inacheza. Unaenda moja kwa moja kwa mwendo mzuri, unalegeza mikono kidogo, unaona kama inavuta upande. Unabadilisha gia zote chini ya mzigo, kwa sababu gia zikizungushwa hewani na muuzaji aliyeinua gurudumu la nyuma hazina mzigo, na gia isiyo na mzigo haisemi ukweli. Nusu saa inatosha. Kuna kasoro ambazo hata hiyo nusu saa haitazionyesha, na mtu mwaminifu atakiri hivyo. Lakini kwamba daktari hawezi kuona kila ugonjwa si sababu ya kukataa kupimwa.

Hapo sijagusa mwili bado, na mwili ndio ugomvi wangu mkubwa na yule wa "54 ni 54". Namba hiyo haina maana moja duniani. Kila mtengenezaji hupima kwa njia yake. 54 ya huyu ni ndefu, ya mwingine ni fupi na imeinuka mbele. Kilicho muhimu ni umbali kutoka kiti hadi usukani na urefu wa usukani kutoka chini, na hivyo viwili havikai kwenye ile stika ndogo. Kiti unaweza kukipandisha. Fremu huwezi kuivuta.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wa mitumba hawalitaji na wanunuzi wapya hawalijui. Foki ina shina linalopita ndani ya fremu hadi kwenye usukani. Mwenye baiskeli wa kwanza, akitaka kuinama chini kama mshindani, hukata shina hilo. Likishakatwa limekatwa, huwezi kulirefusha. Kwa hivyo unaweza kununua saizi yako kabisa, jina zuri, rangi unayoipenda, na ukajikuta umenunua mgongo wa mtu mwingine: jamaa wa miaka 25 aliyekuwa anakunja kiuno kama kisu cha mfukoni. Utatoka Kikopey kwenda Nakuru, kama kilomita 30 hivi, na ukifika Mbaruk vidole vimekufa ganzi. "Utaizoea" ndiyo dawa utakayopewa. Huwezi kuzoea kifupi kiwe kirefu.

Na barabara je? Wasee wa kuendesha kwenye barabara laini za ndani ya mtaa wenye geti wanaweza kuongea wanavyotaka. Sisi hapa tunajua barabara ikitoka Kikopey kuelekea Elmenteita inavyoteremka. Unashuka, ziwa liko chini yako kushoto, upepo wa bonde unakuja kutoka upande usioujua, na nyuma yako kuna lori la makontena linalotaka nafasi yako. Lori likikupita, kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta. Rimu ndefu za kaboni, zile zinazovutia kwenye picha, hushika upepo kama tanga. Aliyezoea anajua atulize mabega. Aliyeipanda kwa mara ya kwanza jana yake hajui.

Kama unadhani natia chumvi, mkumbuke Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne. Juni 2019 alikuwa Ufaransa akikagua njia ya mbio kwa baiskeli yake ya kushindana na saa. Kwa maelezo ya timu yake, aliachilia usukani kwa mkono mmoja apenge pua, upepo ukapiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta. Alivunjika paja, kiwiko na mbavu. Huyo ni bingwa, kwenye kifaa anachokijua, na barabara aliyokwenda makusudi kuikagua. Wewe na mimi tunaambiwa tukutane na baiskeli yetu kwa mara ya kwanza mbele ya malori.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzuri, kwa hivyo niishike vizuri. Wanasema: Ulaya watu wananunua baiskeli za kaboni mtandaoni kila siku bila kuzipanda. Kampuni ya Canyon ya Ujerumani ilijengwa juu ya biashara hiyo, baiskeli inatoka kiwandani inakuja kwako kwenye sanduku. Ni kweli. Lakini angalia kile kilicho ndani ya hilo sanduku pamoja na baiskeli. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa anayenunua kwa mfanyabiashara mtandaoni siku 14 za kubadili nia, bila hata kueleza sababu. Baiskeli ni mpya, ina dhamana, na kampuni ina anwani ambayo haihami usiku. Mzungu huyo hakuacha kuijaribu. Anaijaribu baada ya kuletewa, na anaweza kuirudisha.

Sisi tumeiga nusu ya kwanza tu. Tumechukua kununua bila kuona, tukaacha haki ya kurudisha. Hapa risiti nyingi, zikiwepo, zina ule mstari wa chini: mali ikishauzwa hairudishwi. Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza, yaani yule jamaa wa kiuno cha kisu, si wewe wa tatu kwenye foleni. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inasema mtumiaji ana haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Naziheshimu zote. Lakini nenda ukaidai haki hiyo kwa namba ya simu ambayo haipokelewi tena.

Na bado kuna safari. Hebu fikiria baiskeli ya kaboni juu ya keria ya matatu, imefungwa kamba ubavuni, juu yake gunia la viazi, kutoka Nairobi hadi hapa. Ikifika na ufa, ni nani aliyeupasua? Muuzaji atasema ilitoka ikiwa poa. Kondakta atasema aliipokea hivyo. Wewe utasimama kando ya barabara na ufa wako. Ulikataa nafasi pekee ya kuiona nzima kwa macho yako, kwa hivyo huna neno la kusema.

Kuna hoja nyingine inayoniuma zaidi kwa sababu inatoka kwetu: eti sisi wa huku hatuna chaguo. Maduka ya maana yako Nairobi, saizi zetu haziletwi Nakuru, ukipata bahati shukuru. Hii ndiyo lugha inayotufanya tulipe. Tumefunzwa kuona kitu kizuri kuwa kimetupotea njia kikaja kwetu, na tukiuliza swali kitarudi kilikotoka. Muuzaji anaijua hofu hiyo. "Wengi wanaulizia" si habari kuhusu baiskeli, ni mkono unaokusukuma mgongoni. Kama kweli wengi wanaulizia, mbona ananitumia ujumbe saa nne usiku kuuliza nimefikia wapi?

Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi ni kitu gani mbele ya 165,000? Ni hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaiweza. Tunaiogopa kwa sababu safari inachukua siku nzima, na ndani ya siku nzima hamu inaweza kupoa. Hiyo ndiyo faida yake nyingine.

Niwe muungwana kwa muuzaji pia. Yeye ana hofu yake, na ni halali: kuna watu wamepanda baiskeli "kuijaribu" wakapotelea kona ya kwanza. Basi dawa yake si kunikataza. Nitakuja na pesa yote. Ashike pesa yangu na kitambulisho changu, mimi nishike baiskeli yake nusu saa, pale anapopachagua, hata rafiki yake akitaka kunifuata na bodaboda. Nikiiangusha, nimeinunua. Sioni mtu mwenye baiskeli nzima angekataa masharti hayo. Anayeyakataa ameshanijibu swali ambalo nilikuwa sijaliuliza.

Pia sisemi kwamba ni haramu milele. Kama umepanda baiskeli ya muundo uleule na saizi ileile ya rafiki yako, ukaimaliza siku nzima bila maumivu. Kama ni mpya. Kama duka limeandika kwenye karatasi, na muhuri juu, kwamba ukiirudisha ndani ya siku kadhaa unarudishiwa hela. Basi nunua, na nitakupigia makofi ukipita hapa. Mambo hayo matatu kwa pamoja. Moja likikosekana, panda matatu uende ukaione.

Karibu na hapa, Gilgil, kuna mizani ya malori. Kila dereva wa mzigo mzito anayepita ana karatasi zake zinazosema amebeba tani ngapi, na karatasi hizo zimepigwa mihuri. Bado analipandisha lori juu ya mizani. Hakuna anayesema serikali haina imani, au dereva ametukanwa. Karatasi ni maneno, uzito ni uzito. Ninachodai ni hicho tu, kwamba kitu kitakachobeba shingo yangu kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kipimwe angalau kama gunia la mahindi.

Nimeshamwandikia muuzaji. Jumamosi asubuhi niko Nairobi, nikiwa na pedali zangu, viatu vyangu, tochi, sarafu ya kumi na pesa zote. Dakika 30. Mpaka naandika haya ameusoma ujumbe na hajajibu. Asipojibu, Jumapili nitateremka Elmenteita na chuma changu cha kilo 11, nikiwa wa mwisho kwenye kundi, na sauti zote kinazotoa nazijua.